Madumu Manane ya Tangi

Wenzangu hufukuzwa bweni kwa sababu ya bangi au simu. Mimi nilifukuzwa kwa sababu ya maji.

Kabla ya maji kulikuwa na kaa. Nilikuwa kidato cha tatu, shule ya bweni pale Kibiti. Nilirudi kutoka likizo na kaa mmoja wa mikokoni, mkubwa kama sahani, nikamweka ndani ya boksi la chaki ofisini kwa walimu. Mwalimu wa nidhamu akaingiza mkono bila kuangalia. Sitaeleza zaidi, ila kidole kilipona.

Mkuu wa shule alitaka niondoke siku ileile. Na kwangu kuondoka bweni ni kuondoka shule. Nyumbani ni Kiongoroni, kwenye delta, mto unapoingia baharini. Kuja Kibiti ni boti kwanza halafu gari, na boti yenyewe huondoka maji yakitaka, siyo ukitaka wewe. Kaka yangu alishaniambia kwenye simu kwamba shoka langu la kukatia miti linaota kutu kwa kunisubiri. Alikuwa anatania, lakini shoka lipo kweli.

Aliyeniombea ni mwalimu wa biolojia, mama wa Singida aliyeiona bahari mara ya kwanza akiwa tayari na watoto wawili. "Nipeni mimi," aliwaambia wenzake. "Huyu akili anayo, ila imekaa upande."

Alikuwa na mpango wa kutengeneza tangi la maji ya chumvi kwenye maabara, la kufugia matumbawe. Alitaka watoto wa bara wanaosoma pale waone kwamba lile si jiwe, ni mnyama, tena ana mdomo. Matumbawe hayaokotwi hovyo, ni kosa kisheria. Bwana samaki wa wilaya alikubali kutufuatilia kibali cha vipande vichache, kwa sharti moja: kwanza aje apime maji. Mkuu wa shule naye akaongeza la kwake. Maji yakikubaliwa, nabaki bweni. Yakikataliwa, nafunga sanduku.

Hapo nikawa mtu mwema, jambo lililowaogopesha wengi.

Tangi lilitengenezwa na fundi vioo wa barabarani, anayetengeneza madirisha na makabati ya chipsi. Alituuliza tunataka mlango upande gani. Mawe yalikuwa ya matumbawe yaliyokufa zamani, masalia ya ukuta wa nyumba iliyobomolewa. Niliyasugua kwa mswaki wangu mwenyewe, nikakaa wiki nzima nikisugua meno kwa kidole. Mchanga niliuosha mpaka maji yakatoka meupe. Pampu na taa alivileta mwalimu kutoka Dar es Salaam. Kitu kimoja tu hakikupatikana, kipimo cha chumvi. Aliyeahidi kukileta alisema kesho, na kesho yake ikawa ndefu.

Yalibaki maji. Nikampigia mama kwa simu ya mwalimu.

"Mama, shikamoo. Nataka maji ya bahari, madumu manane."

"Marahaba. Shule nzima imekosa ya kuoga?"

"Ya kufugia wadudu wa baharini. Mwalimu anawataka wakae darasani."

"Wamefaulu mtihani gani?"

Mwalimu, aliyekuwa anasikiliza pembeni, akacheka mpaka akavua miwani. Mama akasema nisiwe na wasiwasi, atachota mwenyewe. Siku ya tatu madumu yalishushwa kwenye gari la mizigo, yamefungwa midomo kwa nailoni na kamba ya mgomba, kila moja limefutwa tope. Niliyaonja, kwa sababu mwalimu aliniuliza kama ni ya bahari kweli. Yalikuwa na chumvi. Nikasema safi, hii bahari kabisa.

Ulimi wangu ndio ulioniponza. Kwetu maji ni ya aina mbili, ya kuchemshia chai na yasiyochemshiwa chai. Haya yalikuwa ya kundi la pili, basi kwangu yalitosha.

Tukajaza tangi. Halafu ikaja kazi ngumu kuliko zote, kungoja. Mwalimu alinieleza kwamba maji mapya hayafai kitu mpaka vijidudu visivyoonekana vizaliane kwenye mawe na kuanza kula uchafu. Ili vizaliane, lazima vipewe uchafu. Tukatupa kamba mmoja mbichi humo ndani, tukamwacha aoze. Ndani ya wiki maabara ilinuka kama soko la samaki siku ya umeme kukatika. Wanafunzi wa kemia walihamia chini ya mti. Waliniita daktari wa maiti, na mimi nilizunguka mabweni nikiwauliza wagonjwa wanaendeleaje.

Lakini kila asubuhi, kabla ya kengele, nilikuwa pale. Maji hupungua kwa joto, na yanayopotea ni maji tu, chumvi hubaki. Kwa hiyo nilichora mstari kwenye kioo kwa kalamu, na kila yaliposhuka niliongeza maji ya mvua kwa kikombe. Umeme ukikatika nilikoroga kwa mkono. Baada ya wiki tano harufu iliisha. Maji yakawa kama hayapo. Mwalimu aliinama mbele ya kioo muda mrefu, kisha akasema, "Vipande vya kwanza tutaviweka hapa, kwenye hili jiwe la juu." Alishaandika kibandiko, akakibandika kwenye kioo.

Bwana samaki alikuja siku ya Alhamisi, na mkuu wa shule nyuma yake. Alitoa kidude kama darubini ndogo, akadondoshea tone, akachungulia kuelekea dirishani. Akakifuta. Akadondoshea tena.

"Chumvi yake haifiki hata nusu ya bahari," alisema. "Ukiweka tumbawe humu, kesho ni jiwe."

Mwalimu akasema haiwezekani, maji yametoka Kiongoroni kwenyewe.

"Hayawezi kutoka baharini," alisema bwana samaki. "Labda mtu kachanganya."

Wote watatu wakanigeukia. Sikuwalaumu, mimi mwenyewe ningejigeukia.

Na pale ndipo nilipoelewa. Kwetu mtu huchota maji yakipwa. Maji ya bahari yakirudi nyuma, ya mto hushuka na kushika mkondo, chumvi inapoa. Mama yangu hajawahi kujaza dumu maji yakiwa yamejaa, tangu akiwa msichana. Alingoja maji yapwe kama anavyongoja kila siku, akaingia kwenye tope hadi magotini, akachota madumu manane, akayafuta.

"Sema ukweli," mwalimu aliniambia, taratibu.

Nilimwona bwana samaki anangoja kucheka. Nikawaza wakilisimulia ofisini: mwanamke wa delta, kaombwa maji ya bahari, kaleta ya mto.

"Dumu moja tu ndilo la bahari, mwalimu," nilisema. "Mengine niliyamwaga, nikajaza ya bombani na chumvi ya jikoni. Nilitaka kuona kama mtajua."

Mkuu wa shule alitikisa kichwa kama mtu aliyeshinda. Mwalimu alibandua kile kibandiko kutoka kwenye kioo kwa ukucha, polepole, kikachanika katikati, akaendelea kubandua nusu iliyobaki. Kelele ningezizoea. Ule ukimya wake bado ninao.

Niliondoka Jumamosi. Nilikata miti na kaka miezi sita, mpaka mjomba akanipatia nafasi katika shule ya kata ng'ambo ya daraja la Ndundu, ninakosoma sasa. Nimerudia kidato cha tatu. Hapa hawajaniona na kaa, na sina hamu.

Siku niliyofika nyumbani na sanduku, nilimwambia mama nimefanya utundu. Hakuuliza upi. Alinipakulia wali, akakaa mbele yangu.

"Na wale wadudu wa mwalimu?"

"Wapo."

"Wazima?"

"Wazima, mama."

"Niliwachotea yaliyopoa," alisema. "Yale ya maji kujaa ni makali, yangewaunguza. Wakihitaji tena, mwambie mwalimu wako aseme mapema, niyawahi yakipwa."

Nikamwambia nitamwambia. Nikaomba mchuzi zaidi, ili nipate pa kuinamia.