Ini la Kaka Yangu

Kaka yangu ni fundi wa masanduku ya mbao, na karakana yake iko chini ya nyumba yetu, mtaani Kuze. Alikunywa pombe miaka mingi kwa kujificha; sisi tulijua, tukanyamaza. Alipoacha alinenepa, akarudi kuswali na wenzake msikitini, nikadhani balaa limepita.

Lakini daktari wa kliniki iliyomsaidia kuacha, karibu na Buxton, akamtaka aende kupimwa ini.

"Nipimwe na mimi mzima?" aliniambia huku akipiga randa. "Siumwi popote, nduyangu."

"Kama huumwi, waogopa nini?"

Akaiweka randa chini. "Naogopa wataniambia."

Hapo hofu ikaniingia na mimi. Siku ya kipimo tulimwambia mama twaenda kutazama mbao. Kaka alitoka bila kula, kama alivyoagizwa. Tulipofika hospitali alilazwa chali kitandani, mkono wa kulia nyuma ya kichwa, akapakwa jeli mbavuni. Daktari wa huko, mwanamke wa makamo, akakibana kidude cha mashine baina ya mbavu. Kila alipobonyeza, kilimdunda kaka ngozini. Akarudia pale pale, tena na tena.

"Mbona hapo hapo tu, daktari?" nikauliza.

"Ndivyo ini linavyopimwa, dada. Subiri."

Kaka alikuwa akisoma dua kimoyomoyo, midomo tu ikicheza. Mimi nilishika buibui langu mpaka vidole vikafa ganzi.

"Ini limeanza kuwa gumu," daktari akasema hatimaye. "Lina makovu. Bado laweza kupata nafuu. Lakini ukirudia pombe litaendelea kuharibika, na huenda usihisi lolote mpaka tumbo lijae maji."

Nje ya chumba, kaka alishindwa kufunga vifungo vya shati. Nikamfunga mimi, watu wakipita.

"Usimwambie mama," akaninong'oneza.

"Nitamwambia. Siwezi kuogopa peke yangu."

Nilimwambia alasiri ile. Hakulia. Aliuliza tu kama ini lile litalainika.

Kipimo cha pili, miezi kadhaa baadaye, kilionyesha limelainika kidogo. Daktari alifurahi, kaka akacheka kwa sauti. Lakini jana alisukuma sahani ya wali, akasema tumbo limejaa, na alikuwa amekula matonge mawili tu. Mama akanitazama, nami nikamtazama, kisha sote wawili tukaacha kula, tukalitazama tumbo la kaka.