Mashuka ya Jumatatu

Mimi ni mtu wa kushuku, sifichi. Muuza viazi akinipa nyongeza, namwaga ndoo nzima nione chini kuna nini. Kwa tabia hiyo nimeitunza stoo ya hospitali yetu hapa Njombe miaka mingi, na wenzangu wamenichoka.

Mwaka juzi hospitali ilimpa zabuni mfuaji mmoja wa Makambako. Gari letu lilimpelekea mashuka ya wodini Jumamosi jioni, na Jumatatu asubuhi yakarudi meupe, makavu, yamepigwa pasi. Kila mtu alisifu. Mimi machale yakanicheza. Mwezi wa saba huku kwetu ukungu hauondoki, shuka moja linakaa kambani siku mbili, na Jumapili watu wako kanisani. Sasa nani alikuwa anafua?

Mwenyewe alinijibu kwa simu kwamba ana mashine. Mashine gani? Akacheka tu, akasema niwasalimie watoto.

Nikambana dereva wetu. Alijikunakuna, mwisho akasema hajawahi kuona mashine pale, ila kuna wanawake sita, na mmoja wao, mrefu, mtu wa Manda, alishamwomba lifti mara mbili. Mama yake mzazi alikuwa mahututi kule ziwani, naye alitaka kumwona kabla hajafumba macho. Mara zote mbili alighairi getini. Kitambulisho chake alikuwa nacho bosi. Akiondoka bila ruhusa hatakiona tena, na atatangazwa mwizi.

Nilikasirika. Yaani wagonjwa wetu walikuwa wanalalia jasho la watu waliofungiwa! Kesho yake nikapanda gari letu na dereva yule, nikaenda bila taarifa.

Bosi alinipokea kwa chai ya maziwa na maneno matamu. Akawapanga wale wanawake ukutani, mikono yao imechubuka kwa sabuni na maji baridi. Nikauliza maswali yaliyokuwa kwenye fomu ya hospitali: unafanya kazi kwa hiari? Unapumzika Jumapili? Wote sita wakajibu ndiyo, macho yako kwenye viatu vya bosi. Yule mrefu alijibu hata kabla sijamaliza swali.

Kosa lilikuwa langu. Unamuulizaje mtu mbele ya anayemwogopa? Nikaikunja fomu, nikasema kwa upole naomba kila mmoja anioneshe kitambulisho chake.

Bosi ndiye aliyeinuka. Akafungua droo kwa ufunguo, akaniletea vitambulisho vyote sita vimefungwa kwa raba, anatabasamu, anasubiri pongezi.

"Navitunza mwenyewe, Mama. Hawa wangevipoteza."

Sikumrudishia. Nilitoa raba, nikamtafuta kila mmoja kwa picha yake, nikamkabidhi mkononi. Yule wa Manda alikitia chake kifuani, akaacha pasi juu ya meza, akatoka getini bila kuaga mtu. Dereva wetu akamwahisha stendi. Baadaye tulipata salamu kwamba alimkuta mama yake yuko hai, na nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza.

Bosi hakumzuia. Alinigeukia mimi, sauti imeshuka.

"Na wewe nyumbani una binti wa kazi, Mama. Kitambulisho chake anakaa nacho nani?"

Nikamwambia asinizoee. Nikamwambia nitahakikisha zabuni yake inavunjwa na watu wa idara ya kazi wanafika pale, na yote mawili niliyatimiza. Lakini tuliporudi Njombe sikupita hospitali, nilinyoosha moja kwa moja nyumbani.

Binti wangu wa kazi ni mtu wa Wanging'ombe, alikuwa kwangu mwaka wa tatu. Kitambulisho chake kilikuwa kabatini, chini ya vitenge vyangu, na ufunguo natembea nao mimi. Nilikichukua siku ile ile alipofika. Hakuna aliyenituma, niliona ndiyo busara, asije akaondoka na vitu vyangu.

Nikamkuta jikoni anachagua maharage. Nikampa kitambulisho bila maelezo, maana niliona aibu. Alipangusa mikono, akakipokea kwa mikono miwili, akapiga goti. Akakitazama. Alipoinua uso, machozi yalikuwa yanamlengalenga.

"Mama," akasema, "nimekosa nini?"