Mapipa Tuliyoyacheka

Mpaka leo nikisikia mtu anataja "maadili kazini" damu inanichemka. Si kwamba siyaamini. Nayaamini kuliko wale waliotulipia semina, na hasira yangu inaanzia hapohapo.

Nilikuwa mpokeaji wa asali katika kampuni moja hapa Tabora mjini. Ndoo zikija kutoka vijijini, mimi ndiye niliyefungua, nikanusa, nikaonja, nikasema hii ipite, ile irudi. Mwenye kampuni akapata mnunuzi wa nje, na mnunuzi akataka tuwe na utaratibu wa maadili. Basi tukapelekwa ukumbini, tukala wali kuku, tukatia saini kitabu cha kanuni, kila mtu akapewa fulana. Ukutani likapigiliwa sanduku la maoni lenye kufuli, na ufunguo akakabidhiwa meneja wa ununuzi. Yaani fisi kakabidhiwa bucha, na sisi tukapiga makofi.

Meneja huyo alikuwa mtani wangu. Yeye Mzaramo, mimi Mnyamwezi, na utani wetu ulianza tangu babu zetu wakitembea na misafara kwenda pwani. Kila asubuhi ananiita mpagazi, ananiuliza leo nimebeba pembe ngapi. Namjibu kwamba watu wa pwani kazi mnaisikia kwa jirani. Mtani hakasirikiwi. Hata msibani ataingia kaburini agome kutoka, na wafiwa watacheka.

Kabla ya msimu nilitumwa kijijini Ipole kuwafundisha warina asali zile kanuni. Niliwaambia chombo kilichokaa dawa ya kuulia wadudu wa tumbaku kisiguse asali, hata ukikiosha mara mia, maana plastiki inainywa dawa na kuitema baadaye. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwepo, kwani ndiye mwenyekiti wa kikundi chao. Alikuwa na dumu kubwa la bluu, zima kabisa, alilopewa na mkulima wa tumbaku, na alikuwa anaringa nalo. Aliinuka, akaenda kulitoboa kwa shoka, akalitupa shimoni. Nilijisikia vizuri siku ile.

Msimu ukawa mzuri, mapipa ya kusafirishia yakapungua. Siku moja nikafika kazini nikakuta mapipa ya bei ya kutupa, lebo zimebanduliwa, asali ya Ipole imeshaanza kumiminwa humo. Nikainama kwenye pipa tupu. Nimekulia kwenye shamba la tumbaku, harufu ile siwezi kuikosea.

Nilitakiwa kuandika na kutia sandukuni. Lakini karatasi ingemfikia yeye yule aliyenunua mapipa, na mwandiko wangu anaujua. Kwenda kwa mwenye kampuni niliogopa, kibarua kingeota nyasi. Kwa hiyo kwenye kikao cha Jumatatu, mwenye kampuni akiwa amekaa pale mbele, nikapitia mlango wa utani.

"Mtani," nikasema, "safari hii umeamua kutumaliza. Asali unaitia kwenye mapipa ya sumu, au ndivyo mnavyokula huko kwenu?"

Wakacheka. Mwenye kampuni alicheka mpaka akavua miwani. Meneja akaniangalia, akasema, "Tangu lini mpagazi akachagua mzigo? Wewe beba." Wakacheka tena, na mimi nikacheka nao. Hapo ndipo ninapojichukia.

Mzigo ukarudi wote. Mnunuzi alipima, akakuta dawa, akavunja mkataba. Meneja akaandika taarifa kwamba watu wa Ipole wanalima tumbaku na wanachanganya vyombo. Wakaamini upesi, maana nani atamtetea mrina asali? Kikundi cha mjomba kikafutwa kwenye orodha ya wauzaji wetu, na asali yao iliyosalia ya msimu ikabaki ndani ya ndoo bila mnunuzi.

Nikasimama kikaoni nikasema mapipa yalikuwa yetu, na nilishasema. "Ulikuwa unatania," mwenye kampuni akanijibu. "Kama ulikuwa na jambo, sanduku lile pale."

Sanduku. Mtu huyuhuyu alikuwa akilalamika kwamba semina ni gharama za bure. Mjinga mkubwa. Asali iko kila kona ya nchi hii; yule mnunuzi alikuja kwetu kwa sababu tulisema tutamwambia kweli. Hicho ndicho tulichokuwa tunauza, na sanduku lenye ufunguo kwa mtu mwaminifu lingekiokoa kwa karatasi moja. Niliiacha fulana yao mezani nikaondoka.

Kesho yake nikapanda gari kwenda Ipole. Nikamwamkia mjomba, akaitikia marahaba, akanipa kigoda. Nikamweleza yote: mapipa, kikao, kile kicheko, na changu humo ndani. Alisikiliza huku anafuta mfuniko wa ndoo kwa kitambaa safi, kama nilivyomfundisha. Nilitamani anitukane.

"Kwa hiyo uliwaambia," akasema.

"Niliwaambia, mjomba. Walidhani ni utani."

Akafunika ndoo, akaukandamiza mfuniko mpaka ukalia.

"Na mimi uliniambia habari ya dumu langu," akasema. "Sikucheka."