Katoni ya Risiti za Nyanya

Juzi nilifungua sanduku la risiti za duka langu hapa mtaa wa Tena, nikakuta karatasi nyeupe tupu. Joto la bati limekula wino wote. Binti yangu akacheka: "Baba, hizi za mashine hufifia. Si nilikuambia upige picha?" Aliniambia, ndiyo. Mimi shule sikufika mbali, lakini duka hili la misumari na rangi nililijenga kwa mikono hii, na mtu wa ushuru hajawahi kunikosesha usingizi. Nikamwambia anyamaze kidogo. Mikono ilikuwa kwenye sanduku, kichwa kilikuwa Jericho, mtaa nilikokulia.

Jericho ile ungeinusa kabla ya kuiona: moshi wa makaa, maji ya sabuni kwenye mitaro, na omena. Nyanya yangu aliuza omena sokoni, kwenye kibanda cha mbao alichokodi kwa kanju, watu wa baraza la jiji. Unga wetu ulitoka hapo. Karo yangu ilitoka hapo. Jumamosi jioni, sufuria ikishateremshwa, kazi yangu ilikuwa kupanga risiti, maana yeye hakujua kusoma. Nilizimwaga mkekani, za kodi ya kibanda huku, za omena ya jumla kule, naye akazifunga kwa vipande vya leso kuukuu, kila mwezi na fundo lake. Mikono yetu iling'aa mafuta ya samaki. Karatasi zikanuka kama sisi. Halafu zikaingia kwenye katoni ya sabuni, chini ya kitanda.

Jirani yetu, mke wa mtu wa reli, alipenda kuchungulia mlangoni. "Mama, washia jiko hizo takataka! Siku moja utalala nje, karatasi zilale kitandani."

"Washia la kwako," nyanya alimjibu. "Karatasi ni mdomo wa mtu asiyesikilizwa."

Tulikuwa na mkebe mmoja tu wa bati wenye kifuniko cha kubana. Ulikuwa wa omena, kwa sababu panya walijaa mtaani na omena ndiyo iliyokuwa pesa. Nani angefikiri panya anaweza kutamani risiti? Ukitazama leo unaona ni ujinga. Wakati ule ilikuwa akili.

Basi kanju wakatangaza kwamba vibanda vitagawanywa upya. Mwenye risiti za kodi za mwaka mzima abaki na chake, asiye nazo atoke. Wengine walihangaika, wakapigana na waume zao, wakapindua magodoro. Nyanya alioga, akavaa leso ya kanisani, akajitwika katoni kichwani kama mtu anayepeleka mahari.

Alipoifungua mbele ya karani wa kanju, tuliona vitoto vya panya, vyekundu, havina hata manyoya, vimelala juu ya makombo ya karatasi. Soko lote likaangua kicheko. "Mama, hao wapangaji wako wamelipa kodi?" mmoja akapaza sauti. Nyanya aliingiza mkono, akatoa fundo la leso. Ndani hamkuwa na kitu.

"Risiti ulinikatia wewe mwenyewe, mwanangu," alimwambia karani. "Kwa mkono huo ulioshika kalamu."

Karani aliinamisha macho. "Sikatai, mama. Lakini nitaandika nini hapa?"

Kibanda kikaenda kwa mtu mwingine kabla ya jua kutua. Nyanya akatandika gunia kando ya barabara kule Mbotela, omena ikala vumbi, na askari wa kanju wakimfukuza analikunja na kukimbia, mama mzima, viatu mkononi. Karo ikakatika. Mimi nikaanza kubeba saruji. Yule jirani alituletea uji mara nyingi, na neno la takataka hakulirudia tena. Nyanya hakulalamika. Aliacha tu kuimba akisonga ugali, na chumba kikawa kimya hivyo mpaka tulipomzika.

Jana nilikwenda sokoni Jericho. Mbao hakuna, ni mabati na taa za rangi. Pale pake kijana anauza kava za simu.

"Niaje, mzee. Karibu, angalia kava."

"Hapa palikuwa pa nyanya yangu," nikamwambia. "Aliuza omena."

Uso wake ukabadilika. Aliweka chini kava alizoshika, akavuta droo haraka, akatoa bunda la karatasi. "Hapa nimelipia, mzee. Risiti ziko, zote. Usiniletee maneno."

Nilitaka kumwambia sikuja kudai kitu. Nilitaka mtu mmoja tu pale aseme, ndiyo, namkumbuka yule mama. Nikatazama huku na huku, wote vijana. Nikamwambia, "Haya, nimeona," nikaondoka, naye bado amezishika risiti zake kifuani.