Mwaka Ule Jirani Alipoacha Kutukemea

Juzi nilikwenda Tandika kununua vitambaa vya pazia, miguu ikanipeleka yenyewe hadi mtaa tuliokulia. Nilipotea kidogo. Palipokuwa na michongoma sasa ni kuta na mageti.

Enzi zetu, ndugu yangu, asubuhi iliingia na harufu ya iliki. Jirani yetu alipika vitumbua barazani, na akiwa pale kwenye jiko lake la mkaa mtaa mzima ulikuwa machoni pake. Ukipigana, anakukamata sikio mpaka kwenu, na kwenu nako unaongezwa. Hakuna mzazi aliyelalamika.

Mama yangu alilalamika mara moja tu. Mdogo wangu, mtundu wa miaka mitano, alikutwa na jirani akicheza ukingoni mwa shimo la mchanga nyuma ya nyumba zetu. Jirani akamchapa makofi mawili, akamrudisha analia. Siku hiyo mama alikuwa ameamka vibaya.

"Mtoto nimezaa mie," alifoka mbele za watu. "Akikosea, niite. Mkono wako usimguse tena."

Jirani alijifunga kanga yake vizuri. "Haya, mama. Simgusi."

Masika ikaja, shimo likajaa maji. Siku moja mvua ilipokatika, watoto wakatoka mbio kwenda kuogelea. Mie nilikuwa naosha vyombo uani, nikasikia jirani anapiga kelele: "Nyie! Rudini!" Watoto wengine walirudi. Mdogo wangu aligeuka, akacheka, akaendelea. Jirani akapiga hatua moja kumfuata, kisha akasimama. Akanigeukia mimi.

"Kimbia sokoni, kamwite mama yako!"

Nilikimbia peku kwenye tope. Tuliporudi, vijana walikuwa wameshamtoa, wamemlaza juu ya kanga ya jirani. Mwenyewe alikuwa ameketi chini kwenye maji machafu.

"Nilimwita, mama. Wallahi nilimwita."

"Najua," mama alisema, akampakata mwanawe.

Matanga yalipoanuliwa, mama alinishika mkono tukaenda kumgongea. "Hawa waliobaki ni wako," alimwambia. "Wakikosea wachape, wala usiniulize."

Jirani alitikisa kichwa. "Mkono hauendi tena, mwenzangu."

Na kweli haukwenda. Tulitukanana mbele yake, tukarushiana mawe, yeye ameinamia kikaango. Akina mama wengine nao wakaingiwa na woga, kila mmoja akabaki na wake. Leo nalea wangu wawili, na nje ya nyumba yangu hakuna anayethubutu kuwakemea. Wenzangu wanasema huo ndio ustaarabu.

Sisi watoto mwanzoni tulifurahi. Lakini nakumbuka asubuhi moja, nimevaa sare za shule, nilimpita makusudi bila kumwambia shikamoo. Nikapunguza mwendo, nikisubiri aniite, anishike sikio, anirudishe. Aliniona. Akageuza vitumbua vyake.