Stika Mpya, Breki Zilezile

Gari langu lilikuwa linavuta kushoto kila nikikanyaga breki. Haya, nimesema. Kwa muda mrefu nilikanusha mbele ya mume wangu, mbele ya walimu wenzangu, na mbele ya kila abiria aliyeshika mlango ghafla. Nilisema barabara imeinama. Nilisema ni upepo wa matairi. Mtu aliyesoma chuo kikuu hakosi maelezo. Nilifika hadi kudai kwamba Morogoro nzima imelala miguuni mwa Uluguru, kwa hiyo si ajabu gari kutafuta mteremko.

Kukanusha kulinishinda nilipotaka kuliuza. Mnunuzi alikuwa mkulima wa mboga kutoka Mgeta, mzee wa kuamkiwa shikamoo, na alilizunguka gari kimya kama anayechagua ng'ombe. Alilipenda. Binti yake alikuwa anaolewa Jumamosi na kijana wa mjini, na yeye alitaka bibi harusi na mashangazi zake washuke mlimani kwa gari la baba, si la kukodi.

Niliifikiria ile barabara. Kona juu ya kona, mlima kulia, bonde kushoto. Lakini bado sikumwambia kuhusu breki. Nilijifariji kwamba kuna ukaguzi. Mkaguzi atazikuta breki mwenyewe, atalikataa gari, nami nitajifanya nimeshangaa.

Tulikwenda wote wawili uwanja wa ukaguzi. Mkaguzi alisimama mbele ya gari, akaniamuru niwashe taa, kisha akaomba mtungi wa kuzimia moto na pembetatu ya tahadhari. Sikuwa navyo.

"Gari bovu," alisema, akageuka.

Nje ya geti kuna mama anayeuza machungwa. Chini ya meza yake ana mitungi na pembetatu za kukodisha, na hakuna anayeona ajabu, hata mkaguzi anayemtazama kutoka pale alipo. Nilikodi, nikarudi. Chungwa la mteja aliyenitangulia lilikuwa halijamaliza kumenywa.

"Sasa ni gari zima," alisema mkaguzi.

"Hujajaribu breki."

"Zina nini?"

Mzee wangu wa Mgeta alikuwa amesimama pembeni, anasikia. "Zinavuta kushoto," nikasema.

Mkaguzi alinitazama kwa huruma. "Mama, umekuja kuuza gari au kulisengenya?"

Mzee akacheka hadi akashika kofia.

"Nakuomba uingie uzunguke nalo kidogo," nilisema. "Hapo hapo uwanjani."

"Wenzako wanaleta magari yanayofuka kama tanuri la matofali, wanaapa ni mapya. Wewe umeleta zima, unaapa ni bovu. Nikusaidieje?" Akabandika stika kwenye kioo, akaisugua kwa kidole gumba ikakaa vizuri.

Niliurudisha mtungi kwa mama wa machungwa, naye akampa dereva aliyekuwa nyuma yangu. Ule mtungi ulikuwa umefaulu ukaguzi mara nyingi kuliko gari lolote mkoani. Mpaka leo nikikumbuka damu inachemka. Gari lisilo na pembetatu ni hatari kwa umma, lakini gari linalokimbilia bondeni halina neno, ilimradi lina pembetatu ya kukodi. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba nilikuwa nimemwachia mtu wa namna hiyo anisemee ukweli wangu.

Nililipeleka kwa fundi siku hiyohiyo. Breki ya gurudumu la mbele kulia ilikuwa imekwama. Iliyokuwa inashika ni ya kushoto peke yake. Kifaa kingetoka Dar, na kisingefika kabla ya Jumamosi. Nikamwambia mzee kwamba funguo sitoi.

"Serikali imesema zima," alisema, akionyesha stika.

"Serikali haikulipanda, baba."

"Mwalimu, sema tu umepata mtu mwingine. Mimi ni mtu mzima, nitaelewa."

"Sijapata mtu. Sitaki binti yako ashuke na gari hili."

"Wewe umelipanda siku zote hizi, hujafa."

Ni kweli nililipanda, na watu ndani. Aliondoka bila kuaga. Majirani, wakiamini nimepata bei kubwa zaidi kwingine, walinipa pole kwa tamaa yangu. Jumamosi nilishinda nyumbani, nikilitazama gari uani, nikimlaani mkaguzi na kujilaani mwenyewe kwa zamu.

Jumapili mchana simu ikaita. Alikuwa mzee.

"Tumeshamwoza binti," alisema. "Bibi harusi ameshuka na lori la karoti. Yeye mbele na dereva, mashangazi juu ya magunia, wanaimba mpaka mjini. Watu wanasema harusi kama hiyo hawajaiona."

"Hongera sana, baba."

"Asante. Sasa lile gari, fundi akimaliza nitalichukua. Ila nitakuja na fundi wangu alitazame."

"Karibu."

"Na bei tuiangalie upya, mwalimu. Maana mwenyewe umekiri lina tatizo la breki."

"Baba, litakuwa limeshatengenezwa."

"Ndiyo, lakini lilikuwa nalo."

Nilikasirika kweli. Nikampunguzia.