Kamba ya Shemeji Ilivutwa Mara Mbili

Nilikosa mimi. Nasema hivyo mapema ili usije ukanionea huruma ukiendelea kusoma. Jina langu siandiki. Walio Mwanza wakisoma watanijua, na wanijue tu.

Dada yangu aliolewa na Mkerewe wa Nansio, mzamiaji. Kazi yake ilikuwa kushuka kwa pumzi yake tu, bila chombo chochote, kunasua nyavu na nanga zilizokwama kwenye mawe ya ziwa. Mimi ni Msukuma wa ng'ombe na pamba, napakia marobota bandarini, na maji yakinifika kiunoni moyo unanienda mbio. Kwa kuwa ni shemeji yangu, tulitaniana bila mipaka. Yeye aliniita ndama, mimi nilimwita kambare.

Siku moja nikamwambia anifundishe. Akakubali, na nakiri alinifundisha vizuri.

"Lala kifudifudi hapa penye maji ya kifua, utulie," alisema. "Usihemeheme haraka haraka kabla ya kushuka. Inakudanganya kuwa bado unayo pumzi, kisha inakuangusha. Vuta polepole, shusha polepole. Masikio yakibana, bana pua upulize taratibu. Yakikataa, rudi juu. Na usishuke hata siku moja bila mtu wa kushika kamba. Kuzamia na kuzimia, shemeji, ni ulimi kuteleza kidogo tu."

Mara ya tatu maji yaliniingia puani, nikapagawa. Nilisimama nikipiga kelele, "Mayu! Mayu!" Ndivyo Wasukuma tunavyomwita mama. Maji yenyewe yalikuwa ya kifua.

Jumapili iliyofuata tulikuwa Mirongo, nyumbani kwa binti niliyekuwa namposa. Shemeji ndiye aliyekuwa mshenga wangu. Watu walipokwisha kula akasimulia habari yote, na sauti yangu akaiiga. Baba wa binti alicheka mpaka akafuta machozi. Binti naye alicheka, na hicho ndicho kilichoniuma. Tangu hapo kila nilipopita mtaa ule kuna mtu aliyenisalimia "Mayu". Posa haikukataliwa, niliivunja mwenyewe kwa aibu.

Siku ile nilicheka nao, maana kwenye utani hakuna kununa. Lakini rohoni niliapa nitamlipa. Nilikitunza kiapo hicho miezi mitatu, nikakilisha vizuri mpaka kikanenepa.

Nafasi ikaja. Wavu ulinasa kwenye mawe, mshika kamba wa shemeji alikuwa kitandani na homa, shemeji akaniita mimi. Alijifunga kamba kiunoni, akaniambia, "Nikivuta mara moja, legeza. Nikivuta mara mbili, nipandishe, maana nguvu za kupanda mwenyewe zitakuwa zimeishia kwenye wavu." Akavuta pumzi polepole, akazama.

Baada ya muda kamba ikavutwa mara mbili.

Sikumpandisha. Niliikaza kamba mkononi nikasema kwa sauti, peke yangu mtumbwini, "Na wewe mwite mama yako." Nilitaka aogope kidogo tu, apande akitweta, nami nipate cha kusimulia Mirongo. Kamba ikavutwa tena mara mbili, kwa nguvu. Nilitabasamu, ndugu yangu. Kisha ikatulia.

Hapo ndipo nilipoivuta, tena kama kichaa. Alikuja mzito, macho wazi, midomo imepiga weusi. Nilimwinua uso juu ya maji, nikampuliza, nikampiga mashavu huku nikimwita kwa jina lake, jina ambalo sikuwa nimelitumia miaka mingi. Akavuta pumzi moja yenye mlio mbaya, halafu nyingine. Alikuwa hai, lakini maji yalikuwa yamemwingia kifuani, na kifua hicho hakikupona sawasawa. Leo akipanda mwinuko wa kwenda kwake anasimama njiani kupumzika. Kuzamia kwake kuliishia siku ile.

Wazee wa pande zote mbili waliketi. Nikasema, "Ulikuwa utani, wazee wangu. Huyu ni shemeji yangu." Walitazamana, wakaguna, wakaniachia, kwa sababu utani haupelekwi barazani. Nilirudi nyumbani nikijiona nimeshinda.

Nilipokwenda kumjulia hali nilianza kama kawaida yetu: "We kambare, bado umelala tu?" Ananizidi miaka minne. Aliinuka kwa shida, akainamisha kichwa, akasema, "Shikamoo."

Nilidhani ananitania, nikacheka. Hakucheka. Dada yangu akaniletea kiti, akakipangusa, akaniletea maji ya kunawa kwa mikono miwili. Nikamwuliza kwa Kisukuma mumewe ana nini. Akanijibu kwa Kiswahili, kama anavyowajibu wageni.

"Ulisema ulikuwa utani. Basi utani wote tumekuachia. Sisi tumebaki na heshima."

Ni miaka sasa. Wananikaribisha, wananichinjia kuku, na watoto wao wananiita bwana, si mjomba. Ningependa anitukane. Ningependa anipige. Kisasi changu kilikuwa cha kitoto, lakini chao sina pa kukishika, hata pa kulalamikia sina. Ninawachukia kwa hilo, halafu najichukia zaidi.

Ninyi mnaojifunza kuzamia, hayo niliyofundishwa yashikeni, yote ni ya kweli. Lakini kabla hujashuka, mtazame vizuri anayeshika kamba, ukumbuke ulimcheka lini mara ya mwisho. Na wewe unayeishika, ikivutwa mara mbili, vuta. Kama una neno na mwenzako, mngoje afike juu.